Uvimbe wa Saratani na Mishipa Yake ya Damu: Yapasayo Kujulikana Kabla ya Kununua Dawa

Miongoni mwa maneno yanayoambatana sana na dawa za saratani ni haya: kwamba dawa fulani "huunyima uvimbe damu", au "huua uvimbe kwa njaa". Maneno hayo huandikwa katika maelezo ya dawa za hospitali, nayo hubandikwa vilevile juu ya makopo ya unga yanayotembezwa na wachuuzi. Kwa dawa za hospitali yana ukweli, ingawa ni ukweli wenye mipaka. Kwa makopo ya unga hayajathibitishwa. Jamaa wa mgonjwa, ambaye pengine amekwisha kutafuta mnunuzi wa kiwanja ili apate fedha, hana njia nyepesi ya kupambanua kati ya hayo mawili. Tumeandika sura hii ili tumpe njia hiyo, nasi tutaanza na uvimbe wenyewe, kwa kuwa anayefahamu jinsi uvimbe unavyopata damu hababaishwi upesi na tangazo.

Kwa nini uvimbe huhitaji mishipa

Kila seli ya mwili huishi kwa oksijeni na chakula, na vyote viwili huletwa na damu. Oksijeni ikitoka katika mshipa mwembamba kabisa, yaani kapilari, haipenyi mbali. Mwendo wake ni milimita 0.1 hadi 0.2 tu, na seli iliyo mbali zaidi ya hapo hudhoofika na kufa. Ndiyo sababu mwili umesukwa kapilari kila mahali.

Saratani huanza pale seli moja inapogawanyika bila kutii amri za mwili, na wazao wake wakafanya vivyo hivyo. Donge likifikia upana wa milimita 1 au 2, seli za katikati huanza kukosa hewa. Laweza kukaa katika ukubwa huo miaka mingi, seli zikizaliwa na nyingine zikifa, bila mtu kuhisi lolote. Mfano wake ni mtaa mpya uliojengwa mlimani pasipo bomba la maji. Nyumba chache za kwanza huchota kwa ndoo; nyumba zikizidi, ndoo hazitoshi tena, na mtaa hauwezi kupanuka. Kisha siku moja mtu hujiunganishia maji kinyemela kutoka bomba kuu lililo bondeni, na baada ya hapo nyumba huota kila upande.

Tofauti ni kwamba uvimbe hauchimbi mtaro wenyewe. Huita bomba lije. Seli zinazokosa oksijeni hutoa protini zinazoenea mpaka kwenye mishipa ya jirani, na iliyo mashuhuri kupita zote huitwa na wataalamu kwa herufi VEGF. Protini hiyo ikinasa katika vipokezi vilivyo juu ya seli za ukuta wa mshipa, seli hizo huamka, hugawanyika na kuchipua tawi jipya linaloelekea kule ilikotoka protini. Jinsi seli inavyotambua kwamba hewa imepungua lilikuwa fumbo la muda mrefu. Waliolifumbua, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019.

Mishipa inayojengwa hivyo si mizuri. Imepindapinda, mingine haifiki popote, na kuta zake huvuja kama mabomba ya wizi yavujavyo kwenye maungio. Majimaji yanayovuja hujaa ndani ya uvimbe na kuongeza mgandamizo, hata dawa inayoletwa na damu hushindwa kuingia vizuri. Juu ya hayo, mishipa hiyo huwa mlango wa kutokea: kupitia humo seli za saratani huingia katika mkondo wa damu na kwenda kuanzisha makao kwenye ini, mapafu au mifupa.

Ni muhimu msomaji ajue pia kwamba uchipuaji wa mishipa ya damu si kazi ya ugonjwa peke yake. Mwili wenye afya huufanya unapoponya kidonda, unapotengeneza upya ukuta wa mji wa mimba kila mwezi, na wakati wa ujauzito. Tutalirudia jambo hili katika kueleza madhara ya dawa, kwa maana ndipo asili yake.

Wazo lilivyogeuka kuwa dawa

Wazo kwamba saratani ingeweza kuzuiwa kwa kuzuia mishipa yake hunasibishwa zaidi na Judah Folkman, daktari mpasuaji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2008. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, alipokuwa katika utumishi wa jeshi la majini huko Bethesda, yeye na mwenzake Frederick Becker walikuwa wakitafuta kiowevu cha kushika nafasi ya damu. Ili kukipima walikipitisha ndani ya tezi za wanyama zilizotolewa mwilini na kuhifadhiwa hai katika vyombo vya kioo, wakapandikiza humo seli za saratani. Seli zilikua mpaka zikawa vijidonge vya milimita 1 au 2, kisha zikakoma. Zilipohamishiwa katika panya hai zilikua upesi na kuwa uvimbe mkubwa. Ndani ya vyombo vya kioo hapakuchipua mshipa wowote mpya; ndani ya panya ilichipua.

Mwezi Novemba 1971 Folkman alichapisha makala katika jarida la tiba la New England akidai kwamba uvimbe hutoa kitu kinachoita mishipa, na kwamba kitu hicho kikizuiwa uvimbe utabaki mdogo. Wataalamu wengi hawakumwamini. Waliiona mishipa ile kuwa mwitikio wa kawaida wa mwili mbele ya seli zinazokufa. Ilichukua zaidi ya miaka 10 kabla ya protini zenyewe kupatikana. Mwaka 1983 kundi la Harold Dvorak huko Boston lilieleza protini ya uvimbe inayoifanya mishipa ivuje. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake, katika kampuni ya Genentech huko California, walieleza protini inayoikuza mishipa. Ikabainika kwamba ni protini ile ile moja, VEGF. Mwaka 1993 kundi la Ferrara likaonyesha kwamba kingamwili inayoikamata VEGF hupunguza kasi ya uvimbe katika panya.

Hapa yafaa tusimame kidogo katika mwaka 1998, kwa kuwa yaliyotokea wakati huo hujirudia kila mara habari za tiba mpya zinapotangazwa. Mwezi Mei gazeti la New York Times liliweka katika ukurasa wa kwanza habari za vitu viwili vilivyogunduliwa katika maabara ya Folkman, angiostatini na endostatini, ambavyo viliufanya uvimbe wa panya kunywea. Hisa za kampuni iliyoviendeleza zilipanda mara kadhaa kwa siku moja. Wagonjwa walipiga simu hospitalini wakitaka dawa ambayo ilikuwa haijajaribiwa kwa binadamu hata mmoja. Folkman mwenyewe alikuwa akitahadharisha kwamba kumponya panya si kumponya mtu, naye alikuwa na haki: majaribio ya binadamu yalipofanyika, matokeo yalikuwa hafifu, na hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo viwili kilichopata idhini ya kuuzwa Marekani kuwa dawa ya saratani. Kwa hiyo tunamshauri msomaji kwamba akisikia habari za "tiba mpya ya saratani", aulize kwanza kama ilijaribiwa kwa panya au kwa watu.

Kilichofika hospitalini kwanza ni kingamwili ya VEGF. Dawa hiyo, bevacizumab, iliyouzwa kwanza kwa jina la Avastin, iliidhinishwa Marekani tarehe 26 Februari 2004 kwa saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kusambaa. Hutolewa pamoja na dawa za kemikali, na idhini yake ilitegemea jaribio la wagonjwa 813. Katika waliopewa dawa za kemikali peke yake, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 15.6, katika walioongezewa bevacizumab, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 20.3.

Tunaomba msomaji ayasome tena matarakimu hayo. Muuzaji akipenda atasema kwamba dawa "huongeza maisha kwa asilimia 30", nayo ni kweli kwa hesabu. Ni kweli vilevile kwamba nyongeza yenyewe haifiki miezi 5, na kwamba wagonjwa hao hawakupona. Miezi 5 si kitu cha kudharau. Kwa mzazi anayesubiri kuona mtoto akimaliza shule ni mingi sana. Lakini familia inayolipa kwa kuamini kwamba inanunua uponyaji haijaambiwa ukweli wote.

Kuchelewesha ugonjwa na kurefusha maisha

Katika maswali yote ambayo mlaji aweza kuuliza, lililo zito kuliko mengine, kwa maoni yetu, ni hili: dawa ilionyesha nini hasa? Kuna majaribio yanayopima muda mgonjwa anaoishi. Kuna mengine yanayopima muda unaopita kabla uvimbe haujaonekana kwenye picha kuwa umekua tena. Mambo hayo mawili hufanana masikioni, lakini dawa yaweza kuleta la pili bila kuleta la kwanza.

Bevacizumab yenyewe ni mfano bora. Mwezi Februari 2008 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha kwa masharti itumike katika saratani ya matiti iliyosambaa. Msingi wake ulikuwa jaribio lililoonyesha kwamba ugonjwa ulitulia kwa muda wa kati wa miezi 11.8 kwa waliopewa dawa hiyo pamoja na kemikali, kulinganishwa na miezi 5.9 kwa wengine. Hayo ni karibu mara mbili, na ni rahisi kuelewa kwa nini watu walifurahi. Lakini urefu wa maisha wa makundi yale mawili haukutofautiana kwa kiasi cha kuaminika. Majaribio yaliyofuata yalionyesha ucheleweshaji mdogo zaidi, wala hayakuonyesha kwamba wagonjwa waliishi muda mrefu zaidi, huku madhara makubwa yakiwapata baadhi yao. Tarehe 18 Novemba 2011 kamishna wa mamlaka hiyo, Margaret Hamburg, aliifuta idhini ile, ingawa wapo wagonjwa waliosimama mbele ya kikao cha wazi wakisema kwamba dawa hiyo ndiyo iliyowaweka hai. Barani Ulaya mamlaka iliamua tofauti, ikaruhusu iendelee kutumika katika saratani ya matiti pamoja na dawa moja maalumu ya kemikali.

Hatutoi mfano huu ili kuibeza dawa. Tunautoa ili msomaji aone kwamba hata wataalamu wenye takwimu zile zile waweza kuhitilafiana, na kwamba idhini ya dawa kwa saratani moja si idhini kwa saratani zote. Anayemwambia mgonjwa kuwa "dawa hii hufanya kazi kwa saratani yoyote, maana kila uvimbe huhitaji damu" anatumia nusu ya elimu. Kila uvimbe mkubwa huhitaji damu, ndiyo, lakini si kila uvimbe huitegemea VEGF kwa kiasi kile kile. Mwingine VEGF ikizuiwa hutoa protini nyingine za kuita mishipa. Mwingine hujipenyeza kandokando ya mishipa ya zamani ya kiungo na kuitumia hiyo hiyo bila kuotesha mipya. Kwa sababu hizo athari nzuri ya dawa aghalabu hudumu kwa muda, kisha hufifia.

Kwa nini basi hutolewa pamoja na kemikali, ilhali kukata damu kungeonekana kuzuia kemikali nazo zisifike? Swali hili huulizwa na wasomaji werevu, nalo lina jibu zuri. Mwaka 2001 mtafiti Rakesh Jain alitoa hoja kwamba dawa hizi, kabla ya kuiondoa mishipa, huirekebisha kwanza: ile inayovuja zaidi hunyauka, iliyobaki hunyooka, mgandamizo hupungua, na kwa kipindi fulani kemikali huingia vizuri zaidi. Ni sawa na kuziba maungio yanayovuja. Maji hufika mwisho wa bomba.

Vidonge, ini na figo

Mbali na kingamwili inayotiwa mshipani, vipo vidonge vinavyozuia vipokezi vya VEGF kwa ndani ya seli. Sorafenib iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2005 kwa saratani ya figo, na sunitinib, ijulikanayo pia kwa jina la Sutent, mwanzoni mwa mwaka 2006. Mwaka 2007 sorafenib iliidhinishwa kwa saratani ya ini, na hili latuhusu kwa karibu, kwani saratani ya ini katika Afrika Mashariki huchangiwa sana na virusi vya homa ya ini aina ya B na sumukuvu inayoota katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Katika jaribio kubwa la sorafenib muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 10.7 badala ya 7.9. Tangu mwaka 2020 bevacizumab pamoja na dawa ya kuamsha kinga ya mwili imetoa matokeo bora kuliko hayo kwa wagonjwa wanaofaa. Hata hivyo chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo bei yake hailinganishwi kabisa na ya dawa hizi, huzuia sehemu kubwa ya saratani hiyo isitokee.

Mgonjwa anayetumia vidonge asichukulie kuwa vidonge ni vyepesi kuliko sindano. Ngozi ya viganja na nyayo yaweza kuchubuka na kuuma, kuhara kwaweza kutokea, na shinikizo la damu hupanda. Baadhi ya vyakula huingiliana navyo. Mathalani, balungi huweza kuongeza kiasi cha sunitinib kilichomo katika damu.

Madhara hutoka wapi

Tulisema kwamba mwili wenye afya nao huotesha mishipa. Dawa inayoizuia VEGF haichagui. Huizuia ya uvimbe na ya mwili pia. Kidonda huchelewa kufunga, na kwa hiyo bevacizumab haipaswi kuanzishwa kabla ya siku 28 kupita baada ya upasuaji mkubwa na kidonda kupona. Shinikizo la damu hupanda, wakati mwingine kwa hatari. Figo hupitisha protini katika mkojo. Damu yaweza kutoka puani, au mahali pabaya zaidi. Kwa wagonjwa wachache utumbo hutoboka, na hilo laweza kuua. Mwanamke mjamzito hapaswi kuitumia. Kituo kinachotoa dawa hii bila kupima shinikizo la damu na mkojo mara kwa mara hakitoi huduma kamili, na mgonjwa ana haki ya kuuliza vipimo hivyo viko wapi.

Papa na gegedu lake

Sasa tuje kwa bidhaa ambayo imewagharimu watu fedha nyingi kwa kuazima jina la sayansi hii. Gegedu, ile nyama ngumu inayonyumbuka iliyoko katika sikio na ncha ya pua, halina mishipa ya damu. Watafiti waliona jambo hilo wakajiuliza kama ndani yake kuna kitu kinachoizuia mishipa. Mwaka 1975 Henry Brem na Folkman walionyesha kwamba gegedu la sungura wachanga huzuia mishipa inayoelekea kwenye uvimbe. Mwaka 1983 Anne Lee na Robert Langer walipata matokeo ya namna hiyo kwa kitu kilichokamuliwa kutoka gegedu la papa. Papa alichaguliwa kwa sababu iliyo rahisi: mifupa yake yote ni gegedu, kwa hiyo malighafi hupatikana tele.

Mpaka hapo kila kitu kilikuwa cha kweli. Kisha mwaka 1992 mfanyabiashara wa Marekani William Lane alishiriki kuandika kitabu ambacho jina lake lenyewe lilidai kwamba papa hawapatwi na saratani, na biashara ya unga wa gegedu ikapaa. Makosa yake yalikuwa mawili. Kwanza, papa hupatwa na saratani. Mwaka 2004 Gary Ostrander na wenzake waliorodhesha uvimbe wa aina mbalimbali uliokwisha kuonekana katika papa na jamaa zao. Pili, kitu kilichowekwa na mtafiti kando ya uvimbe wa mnyama hakisafiri kwa njia ile ile kinapomezwa. Protini ikifika tumboni humeng'enywa kama nyama yoyote, na hakuna uthibitisho kwamba kiasi cha maana hufika kwenye uvimbe.

Lakini tusibishane kwa hoja tu, kwa maana unga huo ulijaribiwa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2005, lenye wagonjwa 83 wa saratani ya matiti na ya utumbo mpana, halikuona faida yoyote katika kuishi wala katika ubora wa maisha. Dawa iliyokamuliwa kwa uangalifu zaidi kutoka gegedu hilo ilijaribiwa kwa wagonjwa 379 wa saratani ya mapafu. Nayo haikurefusha maisha. Mwaka 2000 Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani ilikuwa imekwisha kuichukulia hatua kampuni iliyoongoza uuzaji kwa kudai mambo isiyoweza kuyathibitisha. Pamoja na hayo makopo bado yanauzwa duniani. Wasomaji wa pwani wanaokula papa mkavu kwa mchuzi wa nazi waendelee kumla akiwa kitoweo. Unga wake uliosagwa na kutiwa kopo hautibu saratani.

Kipimo hicho hicho kitumike kwa manjano, majani ya chai ya kijani, na mimea mingine inayosemwa kwamba "imethibitishwa kuzuia mishipa ya uvimbe". Mara nyingi ni kweli kwamba ilizuia, ndani ya kisahani cha maabara. Vitu vingi sana huzuia seli ndani ya kisahani, hata chumvi ikizidi.

Dawa ya kweli, dawa bandia na dawa yenye jina jingine

Dawa yenye bei kubwa huvuta waghushi. Mwezi Februari 2012 mamlaka ya Marekani ilitangaza kwamba Avastin bandia imeingia nchini humo na kufika katika kliniki. Ilipopimwa, haikuwamo bevacizumab hata kidogo. Ikiwa hayo yalitokea katika nchi yenye ukaguzi mkali, hapana ajabu kwamba mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Avastin na Sutent bandia zilizogunduliwa Uganda. Ubaya wa dawa bandia hauishii katika fedha zilizopotea. Mgonjwa huonekana kuwa "dawa haikumfaa", naye huachishwa tiba ambayo hakuwahi kuipata.

Zipo ishara ambazo hata asiye mtaalamu aweza kuziangalia. Bevacizumab kwa saratani ni kiowevu kilichomo katika kichupa, chenye miligramu 100 au 400, nacho huchanganywa na kutiwa mshipani polepole hospitalini. Hakuna kidonge cha bevacizumab. Anayeuza kidonge kwa jina hilo anauza kitu kingine. Kichupa huhifadhiwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, hakigandishwi wala hakitikiswi, na rangi ya kiowevu huanzia kutokuwa na rangi kabisa hadi hudhurungi hafifu sana. Kichupa kilichosafiri mfukoni au katika buti la gari kwenye jua, hata kama kilitoka kiwandani kikiwa halali, hakiaminiki tena.

Kinyume chake, jina geni si dalili ya ughushi. Baada ya muda wa hataza kwisha, kampuni nyingine zimetengeneza bevacizumab zinazofanana na ile ya kwanza na kuziuza kwa majina yao, aghalabu kwa bei nafuu. Ya kwanza kuidhinishwa Marekani ilipata idhini mwaka 2017. La kuangalia ni usajili. Nchini Tanzania swali hilo hupelekwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na nchini Kenya hupelekwa Bodi ya Famasia na Sumu. Mwenye duka anayekasirika kwa kuulizwa habari za usajili amekwisha kukujibu.

Tuongeze neno kuhusu macho, kwa kuwa wengine hushtuka wakiambiwa wadungwe "dawa ya saratani" jichoni. Katika baadhi ya magonjwa ya wazee na ya kisukari, mishipa dhaifu huchipua nyuma ya jicho, huvuja na kuharibu uwezo wa kuona. Kiasi kidogo sana cha bevacizumab huizuia. Mwaka 2011 jaribio la Marekani lilionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja ililinda uwezo wa kuona sawasawa na dawa nyingine ya bei kubwa zaidi iliyotengenezwa mahususi kwa macho, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu kwa matumizi hayo. Sharti lake ni usafi: kichupa kimoja kinapogawanywa kwa wagonjwa kadhaa bila vifaa vya kuzuia vijidudu, jicho laweza kuoza. Uliza ni nani aliyeigawa na wapi.

Siku ya kuketi na daktari

Tunashauri mgonjwa aende na mtu mmoja wa kuandika. Aulize jina la kitaalamu la dawa, mbali na jina la biashara. Aulize kama dawa hiyo imeidhinishwa kwa saratani yake, katika hatua aliyofikia. Aulize kama katika majaribio wagonjwa waliishi zaidi au ugonjwa ulichelewa tu kuonekana, na aombe jibu kwa miezi badala ya asilimia. Aulize itatolewa mara ngapi, gharama ya mzunguko mmoja ni kiasi gani, na ni baada ya mizunguko mingapi itaamuliwa kwamba inafaa au haifai, kwani familia nyingi hujua bei ya dozi ya kwanza pekee. Aeleze bila aibu unga, mizizi au vidonge vyovyote anavyotumia pembeni. Daktari mwema hatamkaripia, naye anahitaji kuyajua hayo kabla ya kuandika dawa.

Dawa ikinunuliwa nje ya hospitali, boksi, kichupa kitupu na risiti vihifadhiwe mpaka tiba iishe, na namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda vinakiliwe katika daftari la mgonjwa. Dawa ikitiliwa shaka, vitu hivyo ndivyo mkaguzi atakavyovihitaji kwanza, na pasipo hivyo ni vigumu mno kumfikia aliyeiuza.